Sekunde za Pakwach, Vumbi la Sibiloi

Kupatwa kwa jua kwa tarehe 3 Novemba 2013 kulikuwa kwa mseto, aina ambayo hutokea mara chache. Kulianza kwa pete kwa muda mfupi sana, kisha kukawa kamili katika njia yote iliyobaki. Kivuli cha mwezi kiligusa dunia jua lilipokuwa likichomoza katika Atlantiki ya magharibi, kikakata bahari, kikatua Gabon mchana, kikapita Kongo-Brazzaville na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kikaingia kaskazini mwa Uganda, kikavuka Ziwa Turkana nchini Kenya na kusini mwa Ethiopia, kikaiacha dunia nchini Somalia wakati wa machweo. Safari yote ilichukua zaidi ya saa tatu, lakini kutoka pwani ya Gabon hadi Somalia kivuli kilitumia chini ya dakika 40.

Wapenzi wa anga waliokuja Afrika Mashariki kwa ajili ya siku hiyo walijua mapema kwamba wanasafiri maelfu ya kilomita kufuata sekunde, wala si dakika. Katika Atlantiki, mahali ambapo kupatwa kulifikia kilele, giza lilidumu kama dakika 1 na sekunde 40. Gabon walipata zaidi kidogo ya dakika moja. Karibu na Pakwach, kaskazini-magharibi mwa Uganda, muda ulishuka hadi sekunde 20 hivi. Turkana ulipungua tena ukawa chini ya hapo, na Somalia ikaambulia kama sekunde moja.

Sababu ya kupungua huko iko kwenye umbo la kivuli chenyewe. Kivuli kizito cha mwezi kina umbo la pia: upande wa mwezi ni kinene, kisha kinachongoka kadiri kinavyokwenda mbali. Katika kupatwa kamili kwa kawaida ncha hiyo hupita chini ya uso wa dunia, kwa hiyo dunia hukatwa na kivuli chenye upana wa kutosha. Katika kupatwa kwa pete ncha huishia angani kabla ya kufika. Siku ile ya Novemba ncha ilikuwa jirani sana na uso wa dunia, na mviringo wa dunia ndio uliotoa hukumu. Sehemu ya dunia inayoelekea mwezi moja kwa moja iko karibu nao kwa maelfu ya kilomita kuliko kingo zake, ambako jua linachomoza au kutua. Kwa hiyo katikati ya njia kivuli kilikuwa na upana wa kilomita zipatazo 57, na kilipokaribia ukingo wa mashariki kikawa ukanda mwembamba ambao mtu akikosea barabara kidogo tu anajikuta nje yake. Aliye nje, hata kwa kilomita chache, haoni kupatwa kamili. Anaona jua lililobanwa likabaki uzi, na uzi huo unatosha kufukuza giza.

Hilo la kuwa ndani au nje ndilo jambo ambalo wageni wa fani hii huchelewa kulielewa. Kampala na Nairobi zilipata kupatwa kwa sehemu siku hiyo hiyo, na wengi walioangalia kupitia vichujio wakiwa mjini waliona kipande kikubwa cha jua kimefunikwa. Lakini jua lililofunikwa kwa asilimia 95 bado ni jua la kumulika mchana. Korona, taji jeupe la jua, haionekani, nyota hazionekani, na ndege hawaendi kulala. Asilimia za mwisho hazipandi ngazi moja moja. Zinafungua mlango mara moja. Ndiyo maana mtu mzima mwenye kazi na familia anaomba likizo, analipa nauli ya ndege, analala kwenye hema kando ya ziwa lenye upepo mkali, yote kwa ajili ya sekunde kumi na kitu.

Watu hao si lazima wawe wanasayansi. Wengi wao ni walimu, mafundi, madaktari, wahasibu, wastaafu na wanafunzi. Elimu ya nyota imekuwa ikiwategemea tangu zamani. Mwaka 1715, kupatwa kamili kulipokaribia Uingereza, Edmond Halley alichapisha ramani ya njia ya kivuli na kuwaomba watu wadadisi kote nchini wapime muda wa giza mahali walipo na kumpelekea taarifa. Taarifa hizo zilimwezesha kurekebisha mipaka ya njia aliyoichora. Karne moja baadaye, Francis Baily, dalali wa hisa wa London aliyestaafu na kujitolea kwa mambo ya anga, alisafiri hadi Jedburgh, Scotland, kutazama kupatwa kwa pete tarehe 15 Mei 1836. Aliona jinsi ukingo wa jua unavyokatika vipande vya nuru mithili ya ushanga, kwa sababu miali ya mwisho hupenya kwenye mabonde ya mwezi huku milima yake ikiizuia. Mpaka leo vipande hivyo huitwa shanga za Baily.

Miaka sita baadaye, Julai 1842, Baily alikwenda Pavia, Italia, kutazama kupatwa kamili. Alikuwa amejiandaa kuzihesabu shanga zake kwa utulivu. Kilichomfika ni kelele za shangwe za watu mitaani chini yake, na alipotazama akaona taji jeupe kuzunguka mwezi na ndimi nyekundu zikichomoza ukingoni, kitu ambacho hakikuwemo katika mpango wake. Maelezo yake ni mojawapo ya masimulizi ya mwanzo yenye nguvu kuhusu korona, na yana tabia ambayo inarudi kwa watazamaji karibu wote waliomfuata: mtu anakwenda kupima kitu kimoja, anarudi akisimulia kingine.

Uchaguzi wa mahali pa kusimama mwaka 2013 ulikuwa mtihani wa aina yake. Gabon ilitoa muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote ya bara, lakini Novemba ni msimu wa mvua huko, na msitu wa ikweta hutengeneza mawingu kila alasiri. Katika Kongo zote mbili njia ilipita maeneo ambayo barabara ni chache. Uganda ilikuwa katikati: muda mfupi, mawingu ya wastani, barabara ya lami karibu hadi mahali penyewe. Turkana ilikuwa na muda mfupi zaidi lakini anga kavu kuliko kwote kwenye njia, na kwa mujibu wa takwimu za mawingu ndiko kulikokuwa na matumaini makubwa. Atlantiki nayo ilikuwa na wateja wake. Baadhi walipanda meli ili nahodha akwepe mawingu, na kundi dogo liliruka kutoka Bermuda kwa ndege ya jeti, likakutana na kivuli zaidi ya kilomita 13 juu ya bahari na kupata sekunde chache tu za giza.

Turkana ilikuwa na mvuto mwingine, wa kumbukumbu. Tarehe 30 Juni 1973 eneo hilo hilo lilikuwa limepitiwa na kivuli kikubwa zaidi. Kupatwa kwa siku hiyo kulidumu dakika 7 na sekunde 4 katika Sahara, karibu na mwisho wa kinachowezekana kimaumbile, na hakutakuwa na kupatwa kurefu kuliko huko hadi mwaka 2150. Kivuli kilipofika Loiyangalani, upande wa mashariki wa Ziwa Rudolf, kama Ziwa Turkana lilivyoitwa hadi mwaka 1975, giza lilikuwa bado linadumu zaidi ya dakika nne. Makundi ya watafiti na wapenzi wa anga kutoka mabara mbalimbali yalipiga kambi pale kwenye mawe meusi ya volkano. Siku hiyo hiyo ndege ya majaribio ya Concorde iliondoka Las Palmas ikiwa na wanasayansi na madirisha maalumu yaliyotobolewa paani, ikakimbizana na kivuli kwa mwendo wa mara mbili ya sauti na kubaki ndani yake kwa dakika 74 kabla ya kutua Chad. Katika mazungumzo ya watu wa fani hii, 1973 ni mwaka unaotajwa kwa tarehe tu, bila kuhitaji maelezo.

Hata hivyo, anayekumbuka Loiyangalani anakumbuka pia upepo. Bonde kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia hukusanya hewa na kuisukuma kwa nguvu kuelekea kaskazini-magharibi, karibu mwaka mzima. Upepo huo ndio uliofanya pajengwe mitambo 365 ya kufua umeme miaka ya baadaye. Upepo hauleti mawingu, lakini unaleta mchanga. Takwimu za mawingu hazihesabu mchanga.

Safari ya kwenda Turkana mwaka 2013 ilikuwa na njia kuu tatu, na kila moja ilikuwa na adhabu yake. Njia ya magharibi ilipita Kitale na Kapenguria hadi Lodwar, ambako lami ya zamani ilikuwa imechakaa kiasi kwamba madereva waliona afadhali kupita pembeni ya barabara kuliko juu yake. Kutoka Lodwar msafiri hufika Kalokol, kisha huhitaji boti kuvuka ziwa. Njia ya mashariki ilipita Marsabit na North Horr kupitia jangwa la Chalbi, na gari moja peke yake halikushauriwa. Njia ya tatu ilikuwa ndege ndogo hadi kiwanja cha changarawe. Mahali palipotangazwa zaidi ni Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, ukingo wa kaskazini-mashariki mwa ziwa, mahali pa Koobi Fora penye visukuku vya binadamu wa kale. Huko ndiko Bernard Ngeneo alikoona mwaka 1972 vipande vya fuvu lililokuja kujulikana kwa namba 1470. Hifadhi hiyo ina pia magogo ya miti yaliyogeuka mawe. Mgeni aliyesubiri jioni alikuwa na mengi ya kutazama mchana, ingawa joto halikumruhusu kutembea sana.

Jioni hiyo jua lilikuwa limeshuka, kama nyuzi kumi na kitu juu ya upeo wa magharibi, juu ya maji ya ziwa. Kupatwa kwa sehemu kulikuwa kumeanza na kwenda vizuri. Kisha dhoruba ya mchanga ikavamia kambi ya Sibiloi, na mawingu yakafuata. Vifaa vilifunikwa kwa matambara, watu wakageuza migongo, na dakika iliyosubiriwa kwa miaka ikapita nyuma ya pazia la vumbi. Mahali ambapo takwimu zilikuwa zimepaweka juu ya pengine pote, watazamaji wengi hawakuona korona. Gabon, iliyoogopwa na wengi, mawingu yaliachia nafasi kwa baadhi ya makundi. Hakuna hasira inayosaidia katika hali hiyo. Wastani wa miaka 20 ni maelezo mazuri ya miaka 20, na hauna neno la kusema kuhusu dakika moja ya Jumapili moja.

Hata waliofunikwa na wingu au vumbi hawatoki mikono mitupu kabisa, jambo ambalo vitabu vya mafunzo hulipita haraka mno. Kivuli hakizuiwi na wingu. Kinakuja chini yake, na kwa kuwa macho hayana jua la kuhangaika nalo, giza lenyewe huonekana vizuri zaidi: upeo wa macho pande zote unabaki na rangi ya chungwa iliyofifia, kwa sababu nje ya ukanda ule kuna mchana, huku juu kichwani ni usiku. Katika njia nyembamba kama ya Turkana mwanga huo wa pembeni unakuwa karibu sana, na giza haliwi zito. Wapenzi wa anga waliokosa jua kwa sababu ya mawingu mara nyingi husimulia habari za upepo na rangi kwa undani kuliko waliobahatika.

Uganda mambo yalikwenda vizuri. Barabara kutoka Kampala kwenda Pakwach ina zaidi ya kilomita 350. Inakwenda kaskazini hadi daraja la Karuma, ambapo Mto Nile unavunjika kwenye miamba, kisha inakata magharibi kandokando ya Hifadhi ya Murchison Falls, mahali ambapo tembo huvuka lami bila haraka na magari husubiri. Daraja la Pakwach linavusha msafiri Nile ile ile, sasa imepanuka na kutulia, na kumwingiza mji mdogo wa samaki, bodaboda na mahindi ya kuchoma. Eneo lililotengwa kwa watazamaji lilikuwa Pokwero, jirani na hapo. Walikuja wenyeji kwa maelfu, wanafunzi wa shule, viongozi wa serikali, waandishi wa habari na wageni wenye darubini na kamera kwenye stendi za miguu mitatu. Hoteli zilijaa, na wengi wakalala kwenye mahema.

Hatua za tukio zinajulikana, na watazamaji wazoefu huzifuata kwa saa. Mwezi hugusa ukingo wa jua, na kwa muda mrefu asiye na kichujio hajui kama kuna kinachoendelea. Kwa zaidi ya saa moja jua linaliwa polepole. Kuangalia moja kwa moja wakati huo ni hatari, kwa kuwa ngozi ya ndani ya jicho huungua bila maumivu; miwani ya jua ya kawaida, filamu za eksirei na vioo vilivyopakwa masizi haviokoi. Kinachofaa ni miwani iliyotengenezwa mahususi, kioo cha mchomeleaji namba 14, au kutazama kivuli. Njia hii ya mwisho ndiyo yenye uzuri zaidi, na haigharimu kitu. Chini ya mwembe, kila upenyo kati ya majani unakuwa kamera ndogo, na ardhi inajaa mamia ya miezi michanga, yote imeelekea upande mmoja. Chujio la nazi linafanya kazi hiyo hiyo, na watoto hulielewa mara moja bila kufundishwa.

Jua likibaki theluthi moja, mwanga unabadilika kwa namna ambayo watu hushindwa kuitaja. Si mwanga wa jioni, kwa sababu jioni huleta wekundu na vivuli virefu laini. Huu ni mweupe uliopungua nguvu, na vivuli vina kingo kali isivyo kawaida, kwa vile chanzo chake kimekuwa chembamba. Joto hushuka. Pakwach, mahali pa joto kali, watu hulihisi hilo kwenye mikono kabla ya kulifikiria. Baadhi ya watazamaji hutandika shuka jeupe chini ili waone mistari hafifu ya kivuli inayotambaa kama mawimbi dakika ya mwisho. Hutokana na mwanga mwembamba wa jua kupindwa na hewa yenye msukosuko, na wakati mwingine haionekani kabisa.

Kwa kuwa jua lilikuwa magharibi na kivuli kilitokea magharibi, Pakwach kilionekana kikija kutoka chini ya jua lenyewe. Baada ya saa kumi na moja na dakika 20 jioni, uzi wa mwisho ukakatika kuwa shanga, shanga zikaisha hadi moja, na hiyo moja ikawaka kama jiwe kwenye pete nyembamba iliyoanza kuonekana. Kisha vichujio vikaondolewa. Mwezi ulikuwa mweusi kuliko anga, umezungukwa na korona yenye miale pande zote, kama ilivyo kawaida katika miaka ambayo jua liko karibu na kilele cha shughuli zake. Zuhura, iliyokuwa mbali na jua kwa takribani nyuzi 47, ilikuwa juu angani, na wengi waliiona ndipo wakakumbuka kwamba nyota zipo mchana pia.

Hapa ndipo ufupi ulipogeuka faida. Katika kupatwa kwa dakika nne au tano mwezi ni mkubwa kuliko jua kwa kiasi cha kufunika pia tabaka jembamba jekundu lililo juu ya uso wake, kromosfia. Huonekana upande mmoja mwanzoni na upande wa pili mwishoni. Siku ile mwezi ulikuwa umelizidi jua kwa unywele tu. Wekundu ule ulibaki ukingoni karibu pande zote, pamoja na ndimi za gesi moto zilizoinuka juu yake, na picha zilizopigwa Pokwero zinaonyesha hivyo waziwazi. Wakusanyaji wa kupatwa, wale walioshuhudia mara nyingi, huweka kupatwa kwa mseto mahali pa pekee kwa sababu hiyo. Ni maoni yenye msingi. Dakika saba ni za kutafakari, lakini rangi iko kwenye sekunde.

Sekunde zikaisha, shanga zikatokea upande wa pili, na kelele za Pokwero zikapanda kuliko mwanzo. Hiyo ni tabia ya umati karibu kila mahali: watu hupiga kelele mara mbili, giza likiingia na nuru ikirudi, na rekodi za sauti huonyesha kwamba hata watafiti wenye nidhamu hupaza sauti kama wengine.

Rekodi hizo ni muhimu kwa sababu kumbukumbu za watazamaji hazitegemeki katika mambo fulani. Muda ndio huharibika kwanza. Aliyepata dakika nne atasema ilikuwa kama nusu dakika; aliyepata sekunde 20 atasema alipepesa macho na ikaisha. Ukubwa nao huongezeka, na jua lililofunikwa hukumbukwa kuwa kubwa kuliko lilivyo kwenye picha yoyote. Mpangilio wa matukio huvurugika pia. Kinachobaki sahihi kwa miaka mingi ni vitu vya pembeni: nani alikuwa amesimama kulia, mbwa alifanya nini, harufu ya majani yaliyopoa, mtoto aliyelia, mzee aliyekaa kimya. Masimulizi ya wapenzi wa anga hujaa mambo hayo, na si kwa sababu hawakuangalia juu. Jua walilolitazama halifanani na kitu kingine wanachokijua, kwa hiyo halina pa kushikamana akilini; mbwa anapo.

Kamera husababisha majuto mengi. Hadithi zinazorudiwa ni za mtu aliyesahau kuondoa kichujio kwenye lenzi na kubaki na picha nyeusi, betri iliyokufa, au aliyetumia sekunde zote akizungusha skrubu ya darubini. Ushauri unaotolewa kwa wanaotazama mara ya kwanza ni kuacha vifaa vyote na kuangalia kwa macho mara giza linapokamilika, kwa kuwa wakati huo pekee ni salama kufanya hivyo. Wengi hawausikii.

Wakazi wa maziwa makuu wana kumbukumbu ya zamani zaidi kuliko ya wasafiri hawa wote. Masimulizi ya Bunyoro na Ankole yanaeleza kwamba jeshi la mfalme Olimi wa Bunyoro, likiwa na ng'ombe lililowateka, lilipatwa na giza la mchana mahali paitwapo Biharwe, karibu na Mbarara ya leo, likatawanyika na kuacha mifugo. Wanahistoria walilinganisha simulizi hilo na hesabu za anga na kulihusisha na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520, na tukio hilo likawa kigingi cha kupangia tarehe za tawala za eneo lote. Hakuna aliyeandika siku hiyo. Wapiganaji hao, waliokuwa watazamaji bila kupenda, walihifadhi jambo kuu kwa usahihi wa kutosha kuhakikiwa baada ya karne nyingi, na hapa tena kilichobaki wazi zaidi kwenye simulizi ni ng'ombe.

Pwani na kwingineko wanakoishi Waislamu, kupatwa kuna swala yake maalumu, ambayo husaliwa kwa jamaa wakati tukio likiendelea, kwa rakaa ndefu. Kwa muumini aliye pia mpenzi wa anga hilo huleta mpangilio wa muda ambao miongozo ya darubini haiuzungumzii: swala iswaliwe saa ya kupatwa kwa sehemu, kisha nje kwa dakika za mwisho, au kinyume chake. Wengi waliowahi kukutana na hali hiyo husema walisali kwanza.

Afrika Mashariki imepata kivuli mara nyingine katika umri wa watu walio hai. Tarehe 16 Februari 1980 kupatwa kamili kulipita Angola, Zaire ya wakati huo, Tanzania na kusini-mashariki mwa Kenya kabla ya kuvuka bahari hadi India, kukiwa na dakika zipatazo nne za giza karibu na kilele. Tarehe 1 Septemba 2016 ilikuwa zamu ya kupatwa kwa pete kusini mwa Tanzania, na Rujewa, mkoani Mbeya, ikapokea wageni waliohamasishwa kwa miaka kadhaa na Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, mtu ambaye safu zake magazetini zimewazoesha wasomaji kutazama juu. Pete ni nzuri, lakini jua halizimiki, miwani haivuliwi hata kwa sekunde moja, na waliokwisha kuona kupatwa kamili hurudi wakiwa na adabu zaidi kuliko furaha.

Kupatwa kwa Novemba 2013 ni kwa familia ambayo wanaastronomia huiita Saros 143. Wanafamilia hufuatana kila baada ya miaka 18, siku 11 na saa 8 hivi. Saa hizo nane za ziada huipa dunia muda wa kuzunguka theluthi moja, kwa hiyo njia husogea magharibi kila mara. Mtangulizi wake alipita India na Thailand tarehe 24 Oktoba 1995, na mfuasi wake, naye wa mseto, atapita Pasifiki tarehe 14 Novemba 2031. Kabla ya hapo, tarehe 2 Agosti 2027, familia nyingine italeta kivuli kutoka Gibraltar kupitia kaskazini mwa Afrika, juu ya Luxor ambako giza litadumu zaidi ya dakika sita, kisha Jeddah na Makka, Yemen, na ncha ya kaskazini-mashariki mwa Somalia. Agosti huko Luxor mawingu ni nadra kabisa, na vyumba vya hoteli vilianza kuwekewa nafasi miaka mingi kabla. Vumbi, kama kawaida, halimo kwenye jedwali.